Samaki wa Maji ya Zamu

Wavuvi wa ziwani na wa baharini wakisikia mtu anavua mferejini hucheka. Kwao mfereji ni mahali pa watoto watoro wa shule, na samaki wake ni wa tope, hastahili hata kuitwa kitoweo. Nimekaa mara nyingi kwenye matuta ya mifereji ya mpunga ya Chekereni na Mabogini, kusini mwa Moshi mjini, nikiwatazama wanaovua pale, na kila nikitazama naiona dharau hiyo kuwa ya mtu asiyejua ugumu wa maji membamba. Ziwani ukikosa hapa unasogeza mtumbwi pale. Mferejini maji yenyewe ni hatua mbili kwa upana, kina chake cha goti au paja, na samaki unayemtaka amekwishazisikia nyayo zako kabla hujafungua kopo la chambo.

Tena mfereji una wenyewe. Skimu ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani. Maji ya mito Rau na Njoro hushikwa banioni, huingia mfereji mkuu, hugawanywa kwenye mifereji midogo na midogo zaidi, mpaka yafike jarubani kwenye mguu wa mpunga. Mpunga ulipokubali, wakulima walio juu ya mabanio nao wakaupenda, wakalima, na maji ya kushuka chini yakapungua. Kwa hiyo maji yale ni ya zamu. Leo geti linafunguliwa upande huu, keshokutwa upande ule, na mwenye shamba anayelala usingizi zamu yake ikipita amekula hasara. Samaki wanaishi ndani ya ratiba hiyo hiyo. Wanajazwa maji, wanapunguziwa, wanahamishwa, wanafungiwa. Mvuvi wa pwani hupanga safari zake kwa bamvua na maji mafu. Hodari wa mfereji hupanga zake kwa mgawa maji, na bila kujuana na wakulima hapati kitu.

Hakuna aliyewapanda samaki hao. Perege huingia na maji pale banioni wakiwa bado vifaranga, wadogo kiasi cha kupenya kwenye vyuma vinavyozuia magogo na takataka. Kambale yeye hutumia mlango wa nyuma. Masika ikikaza, mitaro inayotoa maji mashambani hufurika mpaka ikaungana na mito, na kambale hupanda kwa njia hiyo akitafuta majani yaliyofunikwa na maji mapya, maana ndiko anakotaga. Mayai hunata kwenye nyasi, na kwa joto la tambarare ile huanguliwa kwa siku moja, au moja na nusu. Mafuriko yanapokatika, wazazi wamekwisharudi kwenye kina na watoto wametapakaa majarubani. Ukikuta mtu wa pale akikuambia kambale hunyesha na mvua, usimbishie sana. Ameona kilichotokea, ila hakuona njia kilimopitia.

Kambale ndiye mwenye nyumba mferejini. Samaki huyu huyu yuko Afrika Kusini, yuko Nile, yuko mpaka Uturuki, na ukimchunguza unaelewa kwa nini hakuna maji yanayomshinda. Hana magamba. Macho yake ni madogo, karibu hayamfai kitu kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, lakini ana ndevu nane zinazoonja kila zinachogusa, na ngozi yake nayo inaonja. Juu ya matamvua, pande zote mbili za kichwa, ana vyumba vyenye matawi mekundu yaliyojaa damu; hayo ndiyo yanayomwezesha kupumua hewa. Maji yakioza, yakipata moto, yakibaki ya kulowesha tumbo tu, perege hufa na kambale huinuka juu, huvuta funda moja la hewa, hurudi chini. Usiku wa mvua huweza hata kutoka majini na kujikokota juu ya nyasi zenye umande, akijisukuma kwa miiba ya mapezi ya kifuani, mpaka afike dimbwi jingine.

Funda hilo la hewa ndilo linalomuuza. Mtu asiyezoea anauona uso wa maji umetulia, basi. Aliyezoea anaona pale duara limetokea na kiputo kimoja au viwili vikafuata: kambale ameshuka. Duara dogo lisilo na kiputo, karibu na ukingo wenye utando wa kijani, ni perege anakula. Maji yakitibuka ghafla na duara likavunjika, ni chura. Tofauti hizo ni ndogo na zinapita upesi, na nimeona vijana wakivua asubuhi nzima mahali pa vyura.

Mzee niliyejifunza mengi kwa kumtazama alikuja huku akiwa kijana kutoka Kilombero, kufanya vibarua vya kupandikiza mpunga, na ufundi wa kuvua alikuja nao. Ukimfuata hakuruhusu kutembea mbele yake. "Shuka taratibu, mwanangu," alinionya tulipokaribia kalavati, "huyo ana masikio kuliko mbwa." Haikuwa chumvi. Kambale ana mifupa midogo inayounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, na mtikisiko wa udongo unaopita kwenye tuta humfikia. Mzee huvua ndala, hukanyaga nyasi badala ya udongo mkavu, na hukaa chini, hasimami. Jua huliweka usoni, kivuli chake kikaanguka nyuma shambani.

Mahali pa kukaa hapachagui kwa mazoea. Mfereji mpana, ulionyooka na kusakafiwa zege hauna samaki wa kukaa, wanapita tu. Samaki wanakaa palipoharibika. Pale zege linapoishia na udongo kuanza, maji yamechimba shimo. Chini ya geti, yanapodondoka kutoka ngazi moja kwenda nyingine, shimo jingine. Ndani ya kalavati kuna kiza mchana kutwa. Sakafu iliyopasuka na udongo wa nyuma yake ukaliwa na maji inaacha pango, na pango la aina hiyo haliwi tupu. Nikamuuliza kama mafundi wa skimu hawazibi nyufa. Akacheka: "Wanaziba. Ndiyo maana nazijua zote, nakuja kukagua kabla yao."

Vifaa vyake havijazi mkono. Ufito wa mwanzi wenye urefu wa hatua tatu hivi, mshipi mwembamba wa nailoni usiozidi urefu wa ufito, boya alilolikata kwenye ndala iliyochakaa, chubwi ya kipande cha risasi ya kusawazishia tairi, na ndoano isiyofika ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Mshipi mfupi ni wa makusudi. Maji membamba hayahitaji kurusha, yanahitaji kuweka. Huinua ufito, huacha chambo kining'inie, kisha hukishusha mahali anapotaka bila maji kujua, hatua moja juu ya kalavati, ili mkondo ukiingize chenyewe gizani. Samaki wa mferejini hulala akielekea maji yanakotoka, kwa kuwa chakula chake huja kutoka huko. Chambo kinachotoka upande mwingine ni kitu cha kutiliwa shaka.

Kwa kambale hutumia nyungunyungu au utumbo wa kuku, na chambo lazima kiguse chini na kuburuzika kidogo. Wavuvi wa Ziwa Victoria humtega kwa vipande vya sabuni ya mche, na inafanya kazi, lakini mzee hataki: anasema mtu hawezi kufulia sabuni iliyotoka kwenye mfuko wa chambo. Kwa perege huviringisha ugali mgumu vitonge vidogo kuliko punje ya kunde, na boya hulishusha ili chambo kiwe shibiri moja juu ya tope. Wakati nao si mmoja. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya mlima ikishuka tambarare, perege hazindukani mpaka jua liwe limeupasha moto mfereji. Kuamka alfajiri kumfuata ni kujitesa. Kambale ni wa giza na wa maji yaliyochafuka.

Ufundi wenyewe uko kwenye zile sekunde chache za boya. Perege anaonja na kutema, anaonja na kutema, boya likitetemeka pale pale bila kwenda popote, na ukingoja lizame hutamshika kamwe. Huyo hunaswa kwenye mtetemeko wa pili au wa tatu, kwa kukunja kiwiko tu, bila nguvu, maana mdomo wake huchanika. Kambale ni kinyume chake. Kwanza hugonga chambo kwa ndevu na boya huinama. Mgeni huvuta hapo, na hupata maji. Mzee hafanyi kitu. Boya linainuka, linainama tena, linatulia. Halafu linaanza kutembea, pole pole, kwa upande, kuelekea kalavati, na bado hafanyi kitu; vidole vyake tu vimebadilika mshiko. Linapozama na kuendelea kwenda chini ya maji ndipo anapoinua ufito, akiuelekeza mbali na kalavati, kwa sababu kambale mwenye kilo mbili akishaingiza kichwa ndani hutamtoa ila kwa kukata mshipi.

Kumshika pia kuna namna. Mwiba wa pezi la kifuani una meno ya msumeno na hujifungia ukiwa umesimama wima. Ukikuingia kiganjani utaujutia siku kadhaa. Mzee huteleza mkono kutoka mkiani kwenda mbele, akabana kichwa kwa vidole viwili nyuma ya miiba yote miwili, na samaki aliyekuwa akijipiga chini hutulia.

Hayo yote, hata hivyo, kwake ni burudani ya mchana. Kazi ni mgono, mtego wa kusukwa kwa matete.

Nilimkuta siku moja akisuka mpya nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Matete yaliyokaushwa yalikuwa yamepasuliwa na kulainishwa kwa kisu mpaka hakuna ukali unaochubua. Aliyafunga kwenye pete za fito kwa kamba, pete kubwa mdomoni, kisha ndogo na ndogo, mpaka nyuma yakakutana na kufungwa kwa fundo linalofunguka. Huko ndiko samaki hutolewa. Nafasi kati ya tete na tete ilikuwa ya kidole kimoja. Kubana zaidi ya hapo, alisema, ni kuvua watoto, na maji nayo hayapiti vizuri, mgono unageuka kizuizi na mgawa maji anakuja juu. Kisha akaanza koo, yaani mlango wa ndani: mbale nyembamba zaidi, zinazonesa, zilizopangwa kwa mduara na kuelekea ndani zikisongamana. Hapo alitumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote pamoja. Alikata, akainamisha, akaachia, akapunguza unene kwa ncha ya kisu, akajaribu tena. Alipomaliza aliniambia nipitishe mkono. Ngumi iliingia bila kuhisi kitu, mbale zikifunguka zenyewe. Kuutoa ndipo zilipokaza kwenye kifundo, na kadiri nilivyovuta ndivyo zilivyokaza. Alinifungulia kwa nyuma, akiwa ameridhika.

Kuutega sasa. Mgono hauna chambo. Chambo chake ni zamu ya maji. Jioni moja alisimama kwenye tuta la jaruba alilokuwa akimwagilia mama mmoja, akasalimu, wakaulizana habari za wajukuu na za bei ya mbolea, ndipo akaleta swali lake.

"Mama, zamu yenu inakwisha saa ngapi?"

"Saa kumi usiku, baba. Halafu naufungua mtaro, nataka nikaushe kidogo nitie mbolea."

Hapo alikuwa amepata alichokitaka. Maji yanapopungua jarubani, kambale na perege walioingia kula wadudu na viluwiluwi huhisi kina kinashuka, na hutafuta njia ya kutokea, na njia ni moja: tundu la tuta linalomwaga maji mtaroni. Mgono ulikwenda pale, mdomo ukielekea shambani, pembeni ukazibwa kwa tope na manyasi ili kusiwe na kichochoro. Msimu wa masika, kambale wanapopanda kutoka mitoni, huugeuza: mdomo unatazama chini, unapokea wanaokuja. Mgono ule ule, tundu lile lile, na anayekosea mwelekeo huamkia chombo kitupu huku samaki wamepita ubavuni.

Jambo moja lilinipendeza kuliko yote. Mkia wa mgono hakuuzamisha. Aliuegemeza kwenye kijiti ili sehemu ya juu ibaki nje ya maji. Kambale aliyefungiwa kwenye maji ya tope yasiyo na hewa, asipoweza kuinuka kuvuta funda lake, hufa kabla ya asubuhi, na kambale aliyekufa usiku kwenye maji ya joto si wa kumuuzia mtu. Huko Ahero, kwenye uwanda wa Kano nchini Kenya, ambako mifereji ya mpunga ina kamongo, jambo hilo si la hiari hata kidogo: kamongo mzima hupumua kwa mapafu, na ukimzamisha anakufa maji. Anang'ata pia, wala hachagui kidole.

Kuna njia za mkato, na sina maneno mazuri kwazo. Wapo wanaoponda majani ya utupa na kuyatia kwenye maji yaliyosimama. Sumu yake huzuia samaki kutumia hewa, na huelea wote, mkubwa na aliyeanguliwa jana. Wapo wanaofanya vivyo hivyo kwa dawa ya wadudu ya shambani, jambo baya zaidi, kwani maji hayo yanakwenda kwa mtu mwingine aliye chini, anayeosha vyombo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, lakini mferejini anayewahi kumkamata mhusika ni mwenye jaruba linalofuata. Chandarua nacho ni uvivu uliovaa jina la uvuvi. Mzee hawahutubii. Hukusanya migono yake na kuhamia mfereji mwingine mpaka msimu upite.

Ujasiri wa mvuvi nao una mipaka: konokono wa mifereji hii hubeba kichocho, na vimelea vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Mzee haingii majini mchana ila kwa lazima, na akiingia huvaa buti za mpira.

Kabla ya msimu, skimu hufunga maji ili wakulima wasafishe mifereji. Siku hiyo kila mtu ni mvuvi. Majembe yanatoa tope, matete yanafyekwa, na maji yaliyobaki yanajikusanya kwenye mashimo yale yale ya chini ya mageti. Watoto, vijana, akina mama wenye ndoo, wote wanaingia kwa mikono, na kelele zake zinasikika barabarani. Nilidhani mzee angechukia kuona siri zake zikianikwa. Alikuja na jembe kama wenzake, akalima sehemu yake ya mfereji, na alipofika kwenye shimo la kalavati hakuinama kupapasa. Aliingiza miguu, akaanza kusogea kwa unyayo, taratibu, akikanyaga bila kukandamiza. Akasimama. Akaonyesha kwa kidevu mahali unyayo wake ulipo, na kijana mmoja akazamisha mikono akatoka na kambale aliyemlowesha tope mpaka kwenye nyusi. Akasogea tena, akasimama tena. Kwa namna hiyo alilimaliza shimo zima bila kulowesha kiwiko.

Asubuhi ile ya mgono, kwa mama mwenye zamu, tulifika bado kuna giza. Chombo kilikuwa kizito. Alikifungua nyuma, akawamimina kwenye ndoo yenye maji kidogo, akatazama, akawarudisha mtaroni wawili wadogo. Kwa desturi yake samaki wa kwanza ni wa mwenye jaruba, kwa kuwa bila yeye kusema saa hakuna kilichoingia. Alimchagua mmoja, akampaka majivu kuondoa utelezi, akampelekea mama akiwa amemfunga kwenye jani la mgomba. Mama alimpokea, akampima kwa mkono, akauliza kwa nini huyu ni mdogo kuliko wa zamu iliyopita.